Nilisema nadharia ni ya waoga. Nilikosea nusu

Wiki mbili zilizopita, kijana wa Form 3 wa ploti yetu alipanda juu ya paa na paipu ya chuma ya mita tano. Alikuwa ameona video yangu ya antena. Ile niliangalia kamera nikasema, kwa kiburi kabisa, "Wacha kusoma, shika waya, panda juu, jaribu." Basi akajaribu. Paipu ikamponyoka, ikaegemea ukingo wa paa, na ncha yake ikasimama karibu mita moja kutoka kwa nyaya za stima zinazopita hapo nje. Si zile za kuingia kwa nyumba. Zile tatu za juu, za volti 11,000.

Soja ndiye alipiga nduru. Kijana akaganda. Tukaivuta ile paipu polepole na mti mkavu, watu watatu, mioyo iko kooni. Sasa nikikumbuka, hata huo mti ulikuwa ujinga. Tungefaa kukaa mbali na kupiga simu stima izimwe. Lakini hakuna aliyejua, mimi nikiwa wa kwanza.

Jioni mama yake akaja kwangu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Ni wewe unamfunza mtoto wangu haya mambo?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Hii posti ndiyo jibu.

Kwa wale wapya hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya uhandisi, na karibu kila kitu ninachoweka kwa hii chaneli kimesimama juu ya sentensi moja, kwamba vitendo vinashinda vitabu. Ni sentensi inauza. Watu wengi wamechoka na notsi, wamechoka na lekcha anasoma slaidi kama habari za saa moja, na wakisikia msee ameacha hayo yote na bado anatengeneza vitu, wanafurahi. Mimi pia nilifurahi. Shida ni kwamba ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikipanda juu ya paa na paipu ya chuma, inaweza kuua mtu.

Kitu ninachopenda kuliko vyote ni redio ya ridhaa, ama vile wenyewe wanaiita, "ham". Hawa ni watu wa kawaida wanaotengeneza antena, wanaongea na watu wa nchi zingine bila bando, na hata kupitia setilaiti. Kwa hii dunia yao, vita ya vitendo na nadharia ni ya zamani kuliko nyanya yako. Kuna wale wa "mimi nakata waya naangalia kitakachotokea", na kuna wale wa "kwanza tupige hesabu". Nilikuwa kambi ya kwanza mpaka kwa mifupa. Wacha niwaambie ni wapi nilikuwa sawa na ni wapi nilipotea.

Nilipokuwa sawa

Tuseme ukweli kuhusu shule zetu. Kila mtu aliyefanya Physics Paper 3 anajua kupika. Unapewa waya, betri, na mita ambayo mshale wake umekwama tangu enzi za kaka yako mkubwa. Data inakataa. Basi unaanza na jibu, unarudi nyuma, unajaza jedwali, unachora grafu iliyonyooka kama barabara mpya, na unapata maksi. Tulifunzwa kwamba kama dunia haikubaliani na kitabu, dunia ndiyo inadanganya.

Ndiyo maana kuna mabeste zangu wako mwaka wa nne wa mambo ya mawasiliano na wanaweza kuandika milinganyo ya Maxwell wakiwa usingizini, lakini ukiwapa kebo ya antena ya TV na kisu, wanauliza ni waya gani unaenda wapi. Siwacheki. Hakuna mtu aliwahi kuwapa kebo. Mtu akijua jina la kila mfupa wa samaki na hajawahi kuloa miguu, huyo bado si mvuvi.

Na kwa redio, mkono unajua vitu ambavyo kitabu hakina nafasi ya kukwambia. Kitabu kinachora antena ikiwa peke yake angani, hakuna kitu karibu. Nani anaishi hapo? Mimi naishi chini ya mabati. Mabati yanarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hivyo nikisogeza antena nusu mita tu kushoto, stesheni inafufuka ama inakufa. Hiyo sikuipata kwa kurasa zozote. Niliipata nikizunguka na waya mkononi kama mchawi anayetafuta maji.

Halafu kuna ile siku stima ilipotea mtaa mzima. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya mitambo ya simu miaka mingi kabla astaafu, ana redio ya zamani ya masafa mafupi inayotumia betri. Siku zote tukiiwasha jioni ni mngurumo tu, shhhh, kama mvua kwa paa. Usiku huo wa giza akaniita: "Kijana wangu, kuja usikie." Mngurumo ulikuwa umeisha. Karibu na megahazi 7 sauti zilikuwa zimejaa: watu, Morse, lugha ambazo hata sikuzitambua. Kumbe ule mngurumo haukuwa wa angani. Ni sisi. Chaja zetu za simu, balbu za LED, dekoda za TV, vyote vinakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kimoja ni kiredio kidogo kinachopiga kelele ovyo. Stima ikipotea, watu wote wanalaani. Siku hizi mimi natoka mbio na redio.

Kwa hivyo ndiyo, bado nasema: shika kitu. Mtu ambaye hajawahi kusikia ule ukimya wa giza hajui kelele ni nini, hata kama amepata A.

Nilipopotea

Sasa nusu ya pili, ile sikuwahi kuwaambia kwa video.

Mnakumbuka nilipowaonyesha nimepata Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS? Kile kina redio ya ridhaa ndani, kinachukua sauti ya mtu aliye chini na kuirusha tena kwa megahazi 437.800. Ukiwa na kile kifaa kidogo cha USB, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama TV kwa kompyuta, halafu watu wakagundua karibu mwaka 2012 kwamba kinaweza kusikia karibu kila kitu, unaweza kusikiliza kutoka kwa uwanja wa ploti. Video iliisha na mimi nikiruka kwa furaha. Mliona dakika tatu.

Hamkuona wiki tatu za kabla. Nilianza na waya wa mita sita, kwa sababu kichwani mwangu waya mrefu ndio unasikia mbali. Nikasikia stesheni za FM zikirukiana juu ya zingine. Nikaongeza waya, nikaona labda ni urefu. Nikapata FM zaidi. Nikabadilisha kebo, nikalaumu kifaa, nikalaumu mawingu. Wiki mbili zikaenda hivyo, na niliziita "majaribio".

Mzee akauliza: "Umeukata kwa kipimo gani?"

Nikasema kwa kujiamini, "Nimejaribu tu, mzee."

Akachukua kijiti akaandika kwa mchanga. Gawanya 300 kwa megahazi zako, upate urefu wa wimbi kwa mita. 300 gawanya kwa 437.8 ni karibu sentimita 68 na nusu. Kila mkono wa antena ni robo ya hiyo, sentimita 17. Punguza kidogo, kama asilimia 5, kwa sababu umeme kwa waya halisi hauendi vile unaenda hewani. Ubaki na sentimita 16. Mikono miwili, umemaliza.

Sentimita 16! Nilikuwa na mita sita. Na fomula yenyewe nilikuwa nimefunzwa Form 2, ile ya mwendo wa wimbi ni masafa mara urefu wa wimbi. Nilipata maksi zote. Nilikuwa nayo mfukoni miaka hiyo yote kama ufunguo ambao hujui ni wa mlango gani.

Nikakata, nikaunganisha, nikasikia. Lakini tena shida: ISS inaonekana kwa karibu dakika kumi ikipita vizuri, na mimi nilikuwa nasikia dakika mbili za katikati peke yake. Mwanzo ni kukwaruza, mwisho ni kukwaruza. Nikajaribu kila kitu mkono unaweza kujaribu. Nikageuza antena, nikapanda kwa stuli, nikashuka.

"Umewahi kusimama Thika Road matatu ikipita ikipiga honi?" mzee akauliza. Ikija, sauti iko juu. Ikikupita, inashuka. Hiyo ni Doppler. Sasa chukua matatu inayoenda karibu kilomita 27,600 kwa saa. Ikija, ile 437.800 yako inakufikia ikiwa juu kwa karibu kilohazi 10. Ikienda, iko chini kwa kiasi kama hicho. Nilikuwa nimekaa stesheni moja bila kusonga, namngoja mtu ambaye anapita kwa mlango wa jirani. Mara iliyofuata nikaanza juu, nikawa nashuka polepole nikimfuata. Sauti ikakaa. Mtu wa Afrika Kusini, namba zake zikianza na ZS, akiongea kupitia kitu kilicho kilomita 400 na kitu juu ya vichwa vyetu, na mimi nimevaa slipasi.

Ile furaha mliona kwa video ilikuwa ya kweli. Lakini niliwaonyesha mkono nikaficha kichwa. Nikakata mzee, nikakata mchanga, nikakata hesabu, kwa sababu haikuendana na hadithi ya msee aliyeacha chuo na anajua kila kitu. Hapo ndipo nilidanganya. Na hapo ndipo yule kijana alipata wazo kwamba hakuna cha kujua kabla ya kupanda paa.

Hata historia haikubali hadithi yetu

Sisi watu wa vitendo tunapenda sana Marconi. Hakuwa na digrii. Desemba 1901 alisema amesikia Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000, wakati wasomi walijua kwamba mawimbi yanaenda moja kwa moja na dunia ni mviringo, kwa hivyo yanafaa kupotelea angani. Mkono ukashinda kitabu.

Tunapenda pia kile kisa cha masafa mafupi. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwa mawimbi ya mita 200 kwenda chini, kwa sababu wakubwa waliona huko hakuna kitu cha maana. Ni kama kupewa shamba la mawe. Wakalima tu. Novemba 1923 wakaongea Marekani na Ufaransa, kwenda na kurudi. Oktoba 1924, mwanafunzi wa miaka 18, Cecil Goyder, akiwa shuleni kwao London, akaongea na Frank Bell aliye New Zealand, upande ule mwingine wa dunia. Mtoto wa shule, jameni.

Lakini uliza swali moja: mawimbi yalizungukaje dunia? Marconi hakujua. Goyder alikuwa na redio, hakuwa na jibu. Mwaka 1902, watu wawili, Kennelly huko Marekani na Heaviside huko Uingereza, walisema lazima kuna tabaka juu hewani linalorudisha mawimbi chini. Mwisho wa 1924 Appleton akathibitisha kwa majaribio kwamba lipo, na mwaka 1947 akapewa Nobel. Ukijua hilo tabaka, unajua kwa nini redio ya mzee inasikia mbali usiku: mchana jua linatengeneza tabaka la chini linalomeza mawimbi kama yale ya megahazi 7, na jua likizama linapotea. Hauhitaji tena kubahatisha ni saa ngapi uwashe.

Na huyu Heaviside ndiye alinimaliza. Aliacha shule akiwa na miaka kama 16. Akafanya kazi ya telegrafu, akaiacha pia akiwa kijana, akajifungia nyumbani kwa wazazi na kitabu cha Maxwell. Ile milinganyo minne ambayo mabeste zangu wanaiandika wakiwa usingizini, namna inavyoandikwa leo, ni yeye aliipanga hivyo. Yaani mtu aliyeacha shule kabla yangu, na bila chuo chochote, ndiye alikaa chini akaandika nadharia ambayo vyuo vyote vinafunza.

Niliacha chuo nikafikiri nimeachana pia na kusoma. Hivyo ni vitu viwili. Chuo ni jengo, na karo, na orodha ya majina. Nadharia haina geti.

Upande ule mwingine, chukua Joe Taylor. Profesa, Nobel ya fizikia 1993. Ungesema huyo ni wa vitabu tu. Lakini alianza na redio ya ridhaa akiwa kijana, na baadaye alitengeneza programu zinazotumiwa na watu wa ridhaa dunia nzima. Mwaka 2017 yeye na mwenzake Steve Franke walitoa FT8, inayosoma ishara iliyofifia mpaka sikio lako linasikia kelele tupu. Huwezi kufika hapo kwa kukata waya ovyo, na pia huwezi kufika hapo kama hujawahi kukaa usiku mzima ukitafuta sauti kwa kelele.

Kwa hivyo nasema nini sasa?

Nasema mkono uanze, lakini usiachwe peke yake. Shika waya, ushindwe, uudhike. Ukishaudhika una swali, na mtu mwenye swali akisoma kurasa mbili anapata zaidi ya mtu asiye na swali akisoma kitabu kizima. Shule zetu zinakosea kwa kutupa majibu ya maswali ambayo hatujawahi kuuliza. Mimi nilikosea kwa kuwaacha na maswali na kuwaambia majibu ni ya waoga. Kama umejaribu kitu kimoja mara tano bila kujua kwa nini kinakataa, hayo si majaribio tena, ni kamari.

Na kuna mahali mkono hauruhusiwi kuanza kabisa. Kuna makosa yanayofunza na kuna makosa yanayozika. Stima ni moja. Urefu ni mwingine. Kabla ya mlingoti wowote, angalia nyaya ziko wapi, halafu ujiulize: hii kitu ikianguka upande wowote ule, itagusa? Kama jibu ni ndiyo ama labda, haisimami hapo. Na kama imeshagusa ama imekaribia, usiivute kama tulivyofanya sisi. Ondoka, zuia watu, piga simu.

Kurusha ni ya tatu. Kusikiliza kunakusamehe, kurusha hakukusamehi. Zile redio ndogo za mkono za bei rahisi zinaweza kuongea mahali hufai kuongea kabisa. Marubani wanatumia megahazi 118 mpaka 137, na watu wa ridhaa wanaanzia 144. Hapo katikati ni padogo sana kwa mtu anayebonyeza "kujaribu tu". Kwa hivyo leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ile inakupa jina lako hewani linaloanza na 5Z4, nilikuwa naicheka kama urasimu. Siichezei tena. Sina bado, na mpaka niipate mimi ni msikilizaji tu. Nimeanza kusoma. Ndiyo, kusoma, na kalamu.

Ile video nimeitoa. Nitarudisha nyingine, ndefu, na wiki zote tatu ndani, na mzee akikubali, na yeye pia.

Yule kijana, mama yake amemruhusu kurudi kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna kupanda paa. La pili, kila kitu anachotengeneza aje amweleze yeye, mama, kwa nini kinafanya kazi, na asipoeleweka anarudi kuuliza. Mama anauza nguo Gikomba, na sijawahi kupata mtahini mkali kama yeye. Jumamosi iliyopita kijana alikata mikono yake miwili ya sentimita 16, tukasimama uwanjani, chini kabisa. Mara ya kwanza hatukusikia kitu. Alikuwa amegeuza nyaya kwa kebo, waya wa nje na wa ndani zimegusana. Akajua mwenyewe.

Kama wewe pia ulinisikiliza ukaacha kitabu, ama ukapanda mahali hufai, nisamehe. Niambie hapo chini ni kitu gani ulishindwa nacho kwa mkono mpaka mtu akakuchorea kwa mchanga. Na kama uko chuoni na hujawahi kukata waya, niambie uko mtaa gani. Tuna kebo ya kutosha.